Kadi Zilizolala Kifudifudi

Fundi huyu ana chumba kimoja ghorofani mjini Homa Bay, dirisha likitazama ziwa. Jina lake alinikataza kuliandika. Alisema watu wanaojitangaza ni wale wenye muda. Watu wanamjua kwa kamera: harusi, sherehe za kanisa na, zaidi ya yote, matanga. Mimi nilimwendea kwa kazi ambayo hakuna mteja anayeilipia, yaani anavyozitunza video baada ya hema kukunjwa na viti vya kukodi kurudishwa.

Kazi hiyo huanza kaburi lingali wazi. Kiunoni ana kipochi cha kadi za kamera. Kadi tupu imetazama juu. Iliyojaa hulazwa kifudifudi, na kile kiswichi cha ubavuni husukumwa kwenye kufuli ili kamera isiweze kuiandika tena. Ni mkono tu uliojizoeza. Lakini niliwahi kumwona mpiga video mwingine, saa kumi jioni, akipapasa mifuko yote ya suruali asijue kadi ipi ina ibada na ipi haina kitu, na tangu siku hiyo naiheshimu sana ile tabia ndogo ya kugeuza kadi.

Kamera yake huandika megabiti 100 kwa sekunde. Ukipiga hesabu, saa moja ni gigabaiti 45. Matanga ya Ndhiwa yakienda saa tano, nayo kamera ziwe mbili, anarudi nyumbani na gigabaiti 450 ndani ya kipochi kinachoenea kiganjani. Wenzake hupunguza mzigo kwa kufuta hotuba baada ya kuhariri. Yeye hafuti. Huku kwetu hotuba za matanga si porojo: hapo ndipo wadai wa marehemu husimama wakataja madeni, wake na watoto hutambulishwa mbele ya kadamnasi, na mzee wa ukoo huinua fimbo akaonyesha boma la nani linaishia wapi. Mtu anayerudi baada ya miaka kumi kutafuta video mara chache hutafuta kwaya. Huwa anatafuta sentensi moja.

Usiku ndio niliokaa naye kwa hamu. Hanakili kwa kuburuta mafaili kutoka dirisha moja la kompyuta hadi jingine. Ana programu inayolisoma kila faili mwanzo hadi mwisho na kulikokotolea alama, mfululizo wa tarakimu na herufi 64. Alama hiyo ni kama ya kidole gumba: ikibadilika biti moja tu ndani ya faili la gigabaiti nne, alama nzima inageuka. Programu inanakili kwenye diski mbili kwa pamoja, kisha inafanya lile ambalo wengi hawana subira nalo. Inarudi kuzisoma diski zenyewe upya, inakokotoa tena na kulinganisha. Uhakiki unaweza kuchukua muda uleule wa kunakili. Nilipiga miayo. Yeye alichemsha chai, akaketi, akawa anautazama ule mstari wa kijani ukisogea kama mvuvi anayetazama boya la wavu.

Ngurumo ikasikika upande wa ziwa. Akainuka bila haraka, akasimamisha kazi, akachomoa kila waya ukutani. Mashariki ya Ziwa Viktoria radi si jambo la kusimuliana, ni jambo la kila msimu, na radi moja ikipita kwenye waya wa stima inaweza kuua kompyuta pamoja na kila diski iliyochomekwa humo. Ndiyo maana nakala mbili zikisha kuhakikiwa, moja hutoka mezani, ikaingia kwenye kopo la plastiki lenye vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Huviokota popote. Kwa joto na unyevunyevu wa ziwani, anasema, kifuko kile kinafaa kuliko viatu.

Wapo waliozoea kanuni ya nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae mbali. Mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, ndiye aliyeieneza hesabu hiyo. Fundi wangu anaifuata kwa kiasi cha mfuko wake. Chombo cha aina ya pili hana: mashine ya kanda za sumaku wanazotumia wenye taasisi ina bei inayozidi ya pikipiki mpya, nazo flashi haziamini, kwa kuwa chaji inayobeba data huweza kuvuja zikikaa miaka bila umeme. Kwa hiyo hununua diski za watengenezaji tofauti, miezi tofauti, ili ubovu wa toleo moja usimkute nazo zote. Kupandisha yote kwenye intaneti? Tulikokotoa pamoja. Kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde bila kukatika, yale matanga ya Ndhiwa yangechukua saa 100. Matatu ya kwenda Migori kupitia Rongo inafika kabla ya chakula cha mchana.

Huko Migori ana mwenzake wa kazi ileile. Wamekubaliana kuwekeana nakala ya tatu: ya huyu kwa yule, ya yule kwa huyu. Diski hufungwa kwa kipande cha godoro, ikatiwa ndani ya sufuria yenye mfuniko, sufuria ikakabidhiwa mtu anayejulikana. Nani ataiba sufuria kuukuu?

Sehemu ninayoihusudu zaidi ni majina. Kila folda huanza na mwaka, mwezi, siku, kisha mahali, kisha tukio na namba ya kamera: 2019-08-24_Mbita_matanga_k2. Mwaka ukitangulia, kompyuta inazipanga folda zenyewe. Ndani yake kuna faili dogo la maandishi: dakika ya ngapi nani alisema nini. Nilimtajia Tom Mboya, aliyeuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969 akazikwa Rusinga, ng'ambo tu ya Mbita. Filamu za safari yake ya mwisho zinapatikana leo katika maktaba za picha za London, na zinapatikana kwa sababu karani fulani aliandika tarehe, mahali na kilichomo katika kila kipande. Fundi akanijibu kwamba karani huyo ndiye mkubwa wake kazini.

Huletewa pia kaseti za VHS zilizoviringishwa kwenye leso, nyingine zimeota ukungu. Kampuni ya mwisho kuunda deki za VHS, Funai ya Japani, iliacha Julai 2016, hivyo deki yake anaitunza kama ng'ombe wa mahari. Kaseti ya saa tatu haina njia ya mkato. Inataka saa tatu.

Kila Januari, msimu wa matanga ya Desemba ukipita, huzitoa diski zote na kuzikokotolea alama upya. Iliyozeeka huhamishiwa kwenye mpya ingali nzima. Nilikumbuka Thimlich Ohinga, zile kuta za mawe huko kaunti ya Migori zilizoingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2018. Mawe yamepangwa bila udongo wala chokaa, yakashikana yenyewe. Hata hivyo hayakusimama karne zote hizo kwa kuachwa. Kila jamii iliyohamia humo ilirekebisha palipobomoka. Sisi wageni husifu waliojenga, na nadhani tunawapunja waliorudishia jiwe lililoanguka.

Hufungua pia mafaili machache na kuyatazama, si mwanzo tu, kwani faili lililokatika huwa zima mwanzoni. Huruka hadi katikati, kisha hadi mwisho. Siku niliyokuwapo mwisho ulikuwa wa bibi mmoja akiwashukuru wapishi.

Saa saba mchana simu ikalia: yule mwenzake wa Migori.

“Omera, imefika?”

“Imefika. Sufuria imebonyea kidogo.”

“Imehesabu?”

“Inahesabu. Faili la mia tatu na kitu. Hakuna lililokataa.”

“Basi nipigie ikimaliza.”

Mezani kadi zote zilikuwa bado kifudifudi, naye alikuwa na matanga mengine Oyugis kesho yake. Akaenda kuazima kadi kwa jirani.