Dhahabu ya Bi Harusi: Kauli ya Madhehebu Tunayoichukua Nusu

Kila unapofika msimu wa harusi, na kwetu pwani msimu huo ni baina ya Mfungo Mosi na Mfungo Tatu, mimbari zetu hukemea israfu. Khatibu husoma aya ya 26 na ya 27 za Surat al-Israa, ambamo wabadhirifu wametajwa kuwa ni ndugu wa mashetani. Waumini huinamisha vichwa, swala ikaswaliwa, na jioni yake kamati ya harusi ikakutana kama kawaida. Sioni la kustaajabisha hapo. Hakuna anayejihesabu kuwa mbadhirifu, kwa sababu hakuna aliyemwambia ubadhirifu unaanzia wapi. Na hali ya kuwa fiqhi tunayoisomesha misikitini mwetu imezungumza juu ya mpaka huo, na imetaja hata uzani wake.

Tuanze na dhahabu, kwa kuwa ndiyo yenye mas'ala mengi. Toka Lamu na Mombasa mpaka Unguja, Dar es Salaam na Kilwa, Waislamu walio wengi ni wafuasi wa Imamu Shafii (R.A.). Wapo akina mama ambao hawajapata kufungua kitabu cha fiqhi, lakini mas'ala moja wanayajua kwa moyo: dhahabu ya kuvaa haina zaka. Kauli hii si ya kutungwa. Ndiyo yenye nguvu katika madhehebu yetu, na ndiyo ya Imamu Malik na Imamu Ahmad. Malik amepokea katika Muwatta kwamba Bibi Aisha (R.A.) alikuwa akiwalea mayatima, mabinti wa ndugu yake, nao wana vipambo, na wala hakuvitolea zaka, na kwamba Ibn Umar (R.A.) alikuwa akiwavisha dhahabu mabinti zake na vijakazi wake bila ya kuitolea zaka. Upande wa pili yuko Imamu Abu Hanifa, aliyewajibisha zaka katika kipambo, na ipo hadithi aliyoipokea Abu Daud ya mwanamke aliyemjia Mtume (S.A.W.) pamoja na binti yake, mkononi mwa binti mna bangili mbili nene za dhahabu. Mtume akamuuliza kama anazitolea zaka. Alipojibu kuwa hatoi, akaonywa juu ya bangili mfano wake za moto. Khilafu hii ni kongwe na ina heshima yake, wala makala hii haikukusudia kuiamua.

Linalokosolewa hapa ni kuichukua kauli ya Shafii nusu na kuiacha nusu. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277 Miladia), baada ya kumhalalishia mwanamke katika Minhaj kila namna ya kipambo cha dhahabu na fedha, hakunyamaza. Ameeleza kwamba kauli iliyo sahihi zaidi ni kuwa kupindukia katika israfu ni haramu, na akapiga mfano wa furungu la mguuni lenye uzani wa dinari mia mbili. Dinari ya kisheria ni kiasi cha gramu 4.25, basi furungu hilo ni gramu 850. Msomaji atasema: nani siku hizi anayevaa kiasi hicho mguuni? Ni kweli. Lakini wafafanuzi waliokuja baada yake wamebainisha kwamba uzani ule ni mfano tu, na kwamba kinachotazamwa ni ada, yaani kile ambacho watu wa hali yake mwanamke huyo wanakihesabu kuwa kimepita kiasi. Kikishapita, ruhusa ya kukivaa huondoka, na msamaha wa zaka huondoka pamoja nayo. Kadhalika dhahabu iliyowekwa kwa nia ya kuhifadhi mali: hiyo ina zaka katika madhehebu haya haya, ingawa imefuliwa kwa umbo la mkufu.

Kwa hiyo ile "dhahabu ya kuvaa" inayotajwa majumbani ina masharti mawili ndani yake, kwamba nia iwe ni kuvaa, na kwamba isipite mpaka. Tuyatazame masharti hayo usiku wa kupamba. Bi harusi ameketishwa juu, shingoni ana seti, mikononi bangili zimepanda mpaka karibu na kiwiko, na wanawake waliohudhuria wanakadiria kwa macho ni gramu ngapi. Baada ya usiku ule nyingi katika hizo hurudi sandukuni, na mama mtu ukimuuliza atakwambia: hii ni akiba ya mwanangu, dunia ina mabadiliko. Neno lake ni la hekima. Ila neno akiba ndilo linalogeuza hukumu. Haiwezekani kitu kimoja kiwe ni akiba mbele ya mawifi na kiwe ni kipambo mbele ya mafakiri.

Nisabu ya dhahabu ni mithqali 20, sawa na gramu 85 za dhahabu safi. Ya karati 22 hutimia kwenye gramu 93 hivi, na ya karati 21 kwenye gramu 97. Seti kamili ya harusi na bangili zake hufika hapo bila ya taabu. Na asidhani mtu kuwa ni mali ndogo. Mwaka 2005 wakia moja ya dhahabu katika soko la dunia haikuvuka dola 550, na Oktoba 2025 ikapita dola 4,000. Nisabu ile ile ambayo mwaka 2005 haikufika thamani ya dola 1,600, kwa bei hiyo ya 2025 ni karibu dola 11,000. Sandukuni mwa mwanamke ambaye mumewe anahesabiwa kuwa ni mtu wa kawaida mnaweza kuwa na mali yenye kupita ile ya muuza duka anayetoa zaka yake kila Ramadhani.

Ama dhahabu ya kukodi, ambayo imeenea mijini, haki isemwe: bangili iliyotengenezwa ili ikodishwe kwa mwenye ruhusa ya kuivaa, Minhaj imeitoa katika zaka kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Ubaya wake uko pengine. Katika hadithi ya Bukhari na Muslim, iliyopokewa na Bibi Asmaa (R.A.), Mtume (S.A.W.) amemfananisha mwenye kujionyesha kuwa na alichokuwa hakupewa na mtu aliyevaa nguo mbili za uwongo.

Wako watakaosema kwamba maneno haya ni ya wanaume wanaotafuta kuoa kwa bei rahisi. Hoja hiyo isidharauliwe. Mwanamke wa pwani akiachwa, nyumba ni ya mume au ya ndugu wa mume, na mara nyingi kinachotoka pamoja naye ni kile kilichomo sandukuni. Aya ya 20 ya Surat an-Nisaa imemkataza mume kurejesha chochote katika alichompa mke, hata kama ni kintari ya mali. Na Sayyidna Umar (R.A.) alipowakataza watu kupandisha mahari, akawakumbusha kwamba Mtume hakuwapa wakeze wala mabinti zake hawakupewa zaidi ya wakia 12 za fedha, inasimuliwa kuwa mwanamke mmoja alimpinga kwa aya hiyo hiyo na Umar akarudi nyuma. Maneno ya Umar yamethibiti katika vitabu vya Sunan. Kisa cha yule mwanamke wanachuoni wa hadithi wamekhitilafiana juu ya sanadi yake, na inafaa khatibu anayekisimulia alitaje hilo. Bibi Aisha katika Muslim ametaja wakia 12 na nusu, ndizo dirhamu 500, kiasi cha kilo moja na nusu za fedha. Kiasi hicho si cha kuwafunga watu. Serikali zimejaribu kuwafunga: iliyokuwa Yemen ya Kusini, ambako ndiko Hadhramaut waliyotoka masheikh wengi wa Kishafii wa pwani hii, iliweka mwaka 1974 kiwango cha juu cha mahari kuwa dinari 100, na Pakistani mwaka 1976 ikatunga sheria ya kupunguza mali anayopewa bi harusi na wazazi wake na zawadi za arusi. Mimi si katika wanaopendelea njia hiyo. Mahari ni mali ya mwanamke, na mali yake ikizidi ni yake.

Ila je, inamfikia? Hapa ndipo penye dhulma, na ndipo mimbari iliponyamaza zaidi. Aya ya 4 ya Surat an-Nisaa imeamrisha wanawake wapewe mahari yao, na imepokewa kutoka kwa Abu Salih, katika tabiina, kwamba iliteremka kwa kuwa mawalii walikuwa wakiwaozesha wanawake na kuichukua mahari wao. Katika Desturi za Wasuaheli, kitabu alichokitoa Carl Velten mwaka 1903 na ambacho sehemu yake kubwa ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, msomaji atakutana na kilemba cha baba, mkaja wa mama na kipa mkono, kila kimoja na mwenyewe. Zilikuwa ni ada juu ya mahari, na mtu aliweza kuzikosoa kwa wingi wake, lakini angalau kila fungu lilikuwa na jina lake. Leo majina yamechanganyika. Mahari huingia katika bajeti pamoja na ukumbi, mapambo, sare, chakula na gari, na kinachompata bi harusi ni picha. Hata dhahabu aliyonunuliwa kwa mahari yake wapo wanaoiweka rehani kulipia deni la sherehe ya kumuozesha. Na binti aliyebaleghe mwenye akili timamu ya mali, kwa kauli iliyo mashuhuri katika madhehebu yetu, hata baba yake hapokei mahari yake ila kwa idhini yake. Haya nayakosha ya "amenyamaza, ameridhi" hayatoshi: kunyamaza kwa bikira ni idhini ya nikaha, si idhini ya kuliwa mali yake.

Si jambo jipya kulizungumza. Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui (1891–1947), kabla ya kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, aliandika Mombasa kwa Kiswahili dhidi ya gharama za harusi na matanga zilizokuwa zikiwafilisi Waislamu wa miji ya pwani. Tofauti ya wakati wake na wetu ni kwamba aliyefilisika zamani alifilisika kwa mali yake. Siku hizi inafilisiwa jamaa nzima kwa njia ya mchango.

Nao mchango una fiqhi yake. Wanachuoni wa Kishafii wa karne zilizopita walizungumzia fedha ambazo watu huzitoa harusini kwa mazoea ya kurudishiana. Wako waliosema ni deni ambalo mtoaji anaweza kulidai, na wako waliosema ni hiba, naye al-Bulqini ni katika hao. Tazama sasa daftari la kamati, lililoandikwa jina la kila mtu na kiasi alichoahidi. Tukisema ni deni, basi wengi wetu tutakufa na madeni ya harusi za watu ambayo warithi hawayajui. Tukisema ni hiba, hiba inataka ridhaa, na anayepigiwa simu mara tatu na kutajwa kikaoni kwa jina kuwa bado hajatimiza ahadi ametoa kwa haya. Imamu Ghazali ameifananisha mali iliyochukuliwa kwa haya na iliyochukuliwa kwa nguvu. Ipi kati ya kauli mbili iliyo sawa, Wallahu aalam, lakini katika zote mbili daftari lile halina raha.

Kisha mwenye kutoa kiasi fulani hupewa kadi ya mtu mmoja, aliyezidisha hupewa ya wawili, na asiyetoa hana kadi. Walima wa Mtume (S.A.W.) kwa Bibi Safiyya (R.A.) ulikuwa tende, samli na maziwa yaliyokaushwa, katika safari ya kurudi Khaybar, na Anas (R.A.) amesema hakumuona akifanya walima mkubwa kuliko wa Bibi Zaynab (R.A.), nao ulikuwa ni wa mbuzi mmoja. Abdurrahman bin Awf (R.A.), tajiri, naye aliambiwa afanye walima japo kwa mbuzi mmoja. Katika Bukhari na Muslim chakula cha walima wanaoitwa matajiri na kuachwa maskini kimetajwa kuwa ni katika vyakula viovu. Kuitikia mwaliko wa walima ni wajibu, lakini Minhaj imeshurutisha kuwa mwaliko usiwe umewahusu matajiri peke yao. Imamu aliyeletewa kadi ya ukumbini ambayo jirani yake fakiri hakuiona, basi akae nyumbani, hana dhambi. Na akiulizwa sababu, aiseme.

Limebaki jambo moja ambalo liko mikononi mwa wanaofungisha nikaha. Minhaj imempa mke haki ya kujizuia kwa mumewe mpaka apokee mahari yake, ikiwa mahari hayo ni kitu maalumu au ni ya papo hapo. Yaliyoahirishwa hayana haki hiyo. Ukumbi hauchukuliwi kwa ahadi, wala mpishi, wala mpambaji. Hao hulipwa kabla. Mahari ndiyo huandikwa "deni". Bi harusi anapofuatwa ndani kuulizwa idhini yake, ni wachache wanaomwambia kwamba kwa neno hilo moja haki ya kujizuia imemtoka. Aambiwe kabla hajajibu, na aulizwe kama anataka mahari yake iwe taslimu, na nani ataipokea.