Alama ya Mmoja katika Mchezo wa Wengi

Suala la kuwatahini wanafunzi wa sanaa za maonyesho aghalabu huachiwa ofisi ya mitihani, ilhali kwa asili yake ni suala la uhakiki. Mchezo huigizwa na wengi, lakini alama huandikwa mbele ya jina la mmoja. Mtahini asiyeelewa kazi ya mmoja ndani ya wengi atampa asiyestahili na kumnyima mstahiki. Nchini Kenya suala hili limezidi uzito tangu kuzinduliwa kwa Mtaala wa Umilisi mwaka 2017, kwa kuwa sanaa, pamoja na sayansi ya michezo, zimefanywa mojawapo ya njia tatu za masomo ya sekondari ya juu, na maigizo yamo humo.

Uchukuliwe mfano ulio karibu na mtu wa Malindi au Kilifi: habari za Mekatilili wa Menza. Mwaka 1913 mama huyo wa Kigiriama aliwahimiza watu wake wakatae kodi na kazi za lazima za serikali ya Waingereza. Wanawake na wanaume wakala viapo Kaya Fungo. Naye, pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola, akakamatwa na kupelekwa Kisii. Inasimuliwa kwamba aliwakusanya watu kwa kifudu, ngoma ya matanga. Basi wanafunzi 20 wakiigiza habari hizo, mmoja atakuwa Mekatilili, mwingine Mzungu, wachache wazee wa kaya. Waliobaki watacheza kifudu. Je, hao wapewe nini?

Baadhi ya walimu huwapa wote alama moja. Hoja yao ina nguvu, kwani sanaa hii haina mwenyewe mmoja: tamthilia ya Ayubu, iliyochapishwa Dar es Salaam mwaka 1984, ilitoka kwa jina la kikundi cha Paukwa, si la mtunzi mmoja. Lakini kikundi cha Paukwa hakikuwa kikitafuta shahada. Mwanafunzi asiyehudhuria mazoezi akipata sawa na yule aliyewafundisha wenziwe hatua za ngoma, ushirika umegeuzwa kuwa maficho ya mvivu.

Wengine humpima kila mtu kwa yale aliyoyafanya jukwaani. Njia hii inafanana na desturi ya tamasha za drama za shule, ambako mwigizaji bora hutuzwa. Katika tamasha haina madhara makubwa, maana zawadi ni heshima ya ziada. Alama ya mtihani ni haki. Ikitumiwa darasani, mwenye maneno mengi ndiye atakayeonekana, na kila mwanafunzi atamwigizia mtahini badala ya kumwitikia mwenzake. Mchezo utavunjika kwa sababu ya kipimo chenyewe.

Wahenga walisema: mcheza kwao hutunzwa. Katika ngoma za pwani mtazamaji huingia uwanjani akamtunza mchezaji mmoja kwa fedha, na ngoma isisimame. Hapo mmoja huheshimiwa bila ya kutolewa katika wengi. Wala hatunzwi mwimbishaji peke yake. Mpiga ngoma naye huwa na fungu lake, kwa kuwa mkono wake ukikosea miguu yote hukosea. Mtunzaji huyajua haya kwa sababu anaijua ngoma. Neno «kwao» ndilo lenye uzito: hukumu ya haki hutoka kwa aliyeishi na kazi, si kwa mgeni wa jioni moja.

Kwa hiyo hapana budi mtahini ahudhurie mazoezi, si onyesho la mwisho tu. Sehemu ya alama iwe ya kikundi, nayo ipimwe kwa mchezo mzima. Sehemu ya mtu binafsi itokane na mambo matatu: daftari la mazoezi linaloonyesha nani alifanya nini na lini, mahojiano ya faragha, ambamo mcheza kifudu ataeleza kwa nini ngoma ya matanga iliweza kuwa mwito wa kupinga serikali, na namna anavyowategemeza wenziwe jukwaani. Vigezo hivi vitangazwe kabla ya kugawa nafasi za uigizaji. Ushuhuda wa wanafunzi juu ya wenzao usikilizwe, ila usiwe hukumu, kwa maana urafiki na chuki vyote vina kalamu.

Itadaiwa kwamba kazi hiyo ni nzito kwa mwalimu mwenye wanafunzi wengi. Ni kweli, lakini uzito huo hauondoki kwa kupuuzwa. Hubebeshwa mwanafunzi wa safu ya nyuma, anayeondoka na daraja lisilomhusu. Tena kuna kosa la pili, la maana. Mekatilili asiye na waitikiaji ni mwanamke anayepiga kelele peke yake mwituni. Serikali ilimwogopa kwa sababu aliitikiwa. Mtihani unaompa yeye alama zote na kuwasahau wacheza kifudu, mbali ya kuwadhulumu wanafunzi, umeshindwa kuusoma mchezo wenyewe.