Kukata Anwani kwa Nukta ni Kosa

Katika masomo ya mwanzo ya programu za wavuti umezoeleka uamuzi wa kumtafuta mwenye anwani kwa kuchukua maneno mawili ya mwisho ya jina la kikoa, yaani jina linaloitambulisha tovuti katika intaneti. Uamuzi huo ni mbovu, na ubovu wake hujitokeza wazi katika anwani zinazomhusu mkazi wa Endulen, wilayani Ngorongoro nchini Tanzania. Hatua nyingine hazina lawama: itifaki, ambayo ni kanuni ya mawasiliano kama https, hutengwa vizuri, na hoja, yaani maelezo yanayofuata alama ya kuuliza, hupatikana bila tabu.

Ichukuliwe anwani https://www.ngorongorodc.go.tz/tafuta?jina=Endulen, ambayo kikoa chake ni cha Halmashauri ya Wilaya ya Ngorongoro na sehemu zilizobaki zimetungwa kwa ajili ya mfano huu. Programu ya mwanafunzi huikata kwa mkwaju, hukishika kipande chenye kikoa, kisha hukikata kwa nukta na kupata www, ngorongorodc, go na tz. Hapo somo huagiza mawili ya mwisho yaunganishwe, na jibu linalotoka ni go.tz. Lakini go.tz si mwenye tovuti yoyote, bali ni ngazi ambayo chini yake husajiliwa taasisi za serikali ya Tanzania, kama vile co.tz ilivyo ya biashara na ac.tz ya vyuo. Anwani ya Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, ncaa.go.tz, na ya Halmashauri ya Wilaya ya Karatu, karatudc.go.tz, nazo hutoa jibu lilelile, kiasi kwamba programu inayopanga matangazo kwa kufuata aliyeyatoa huyatia yote katika fungu moja. Mfugaji wa Endulen yuko katika wilaya yenye halmashauri yake, na papo hapo anaishi ndani ya hifadhi iliyotengwa mwaka 1959 na inayosimamiwa na mamlaka nyingine. Kwake yeye, kujua tangazo limetoka kwa nani ndiyo habari yenyewe.

Chanzo cha kosa ni mazoea ya siku nyingi ya kufundishia kwa anwani zinazoishia com peke yake, kana kwamba Afrika Mashariki haina vikoa vyake. Wala kuongeza hesabu hadi maneno matatu hakuponyi kitu, kwa kuwa www.google.com itabaki nzima na www yake. Mwenye jina hajulikani kwa kuhesabu nukta, bali kwa kuijua ngazi ya usajili, na ndiyo maana Mozilla ilianzisha orodha ya ngazi hizo, ambamo go.tz imo. Kivinjari kisichoizingatia orodha hiyo kingeiruhusu tovuti moja ya serikali kuweka vidakuzi, yaani kumbukumbu ndogo za mtumiaji, vitakavyosomwa na tovuti nyingine zote zilizo chini ya go.tz.

Waasisi wa intaneti na wavuti walikuwa waangalifu zaidi. Jon Postel, katika waraka RFC 1591 wa Machi 1994, aliacha kila nchi ipange yenyewe ngazi zilizo chini ya herufi zake mbili, kama tz. Tim Berners-Lee, Roy Fielding na Larry Masinter, katika RFC 3986 ya Januari 2005, waliigawa anwani sehemu tano, ambazo ni itifaki, mamlaka ya jina, njia, hoja na kijisehemu kinachofuata alama ya #, wala hawakudai kwamba idadi ya nukta humtambulisha mwenye jina. Masomo ya leo yamekosa uangalifu huo.

Walimu wa programu waache kukata kwa mkono, watumie URL ya JavaScript au urllib.parse ya Python kupata kikoa kizima, waitumie orodha ya ngazi za usajili kumpata mwenyewe, na ngorongorodc.go.tz iwe katika zoezi la kwanza kabla ya com yoyote.