Utando au Kishikizo? Istilahi Moja ya Tiba ya Matumbo

Kazi ya istilahi ni kutenga dhana moja na nyingine. Kwa kipimo hicho twaona kwamba "utando wa matumbo", jina ambalo baadhi ya wafasiri hukipa kiungo kinachoyashikilia matumbo kwenye ukuta wa nyuma wa tumbo, lina kasoro mbili.

Kwanza, utando ni pia ile ngozi laini iliyotanda ndani ya tumbo zima. Ngozi hiyo hukifunika kiungo tunachokizungumzia, lakini siyo kiungo chenyewe. Mchinjaji wa Sigino, mjini Babati, hahitaji kuelezwa tofauti hiyo: anapoutenga utumbo wa mbuzi, hukuta kati ya mikunjo yake mafuta, mishipa ya damu na tezi.

Pili, neno hilo lakidunisha kiungo. Mwaka 1885 Frederick Treves wa Uingereza alikieleza kuwa kimekatika vipande vipande, na vitabu vingi vikamfuata. Mwaka 2016 J. Calvin Coffey wa Limerick, Ayalandi, alitetea hoja kwamba ni kiungo kimoja kisichokatika.

Hili si shindano la maneno matupu. Katika ugonjwa wa Crohn, mafuta ya kiungo hiki hutambaa na kuukumbatia utumbo unaougua. Mwaka 2018 Coffey na wenzake walieleza kwamba wagonjwa walioondolewa kiungo hicho pamoja na kipande cha utumbo walirudi kupasuliwa mara chache zaidi; uchunguzi mwingine wa baadaye haukuona faida hiyo. Je, mgonjwa anayeombwa ridhaa atajuaje anachoondolewa, iwapo anaambiwa ni "utando" tu?

Twapendekeza "kishikizo cha matumbo". Istilahi hiyo yataja kazi iliyo dhahiri, wala haiamui kama mafuta yale huchochea ugonjwa au huzuia vijidudu, suala ambalo wataalamu wangali wakilijadili. Kuhusu ugonjwa wenyewe, "mchochota wa matumbo" wafaa kuliko "uvimbe", ambao msikilizaji aweza kuudhania saratani. "Chango" nalo liepukwe, kwani ni utumbo, ni mnyoo, na ni maumivu pia.

Hata hivyo, kabla ya kusanifishwa, hapana budi istilahi hizi zisomwe mbele ya wauguzi na wachinjaji wa mahali kama Sigino. Wakizikataa, kamati na irudi mezani.