Bustani Juu ya Zege

Kabla mche wa kwanza haujapandishwa ngazi, fundi alitwaa tambara, akalizungushia nailoni, akaziba nalo tundu la kutolea maji juu ya paa la nyumba ya dada yangu, Dar es Salaam. Kisha akafungulia mpira, akaliacha zege lote lilale chini ya maji siku mbili. Kila baada ya saa chache alishuka, akavua viatu, akapanda kiti na kupapasa dari kwa kiganja, hasa kwenye pembe. Ubaridi humwonya kabla tone halijaonekana.

Hapo ndipo nilipoanza kuiheshimu kazi hii. Watu husifia majani, na ni haki yao: paa lililovaa mimea halichomwi na jua mchana kutwa, na chumba cha chini yake hulalika. Lakini maji ndiyo yenye kauli pale juu. Sentimita 1 ya maji kwenye mita 1 ya mraba ina uzito wa kilo 10. Udongo wa kina cha sentimita 10, ukishalowa masika, hupita kilo 100. Kwa hiyo fundi aliuliza kwanza habari za nondo na nguzo, akataka mhandisi aje aone.

Nakumbuka zaidi ile nusu siku aliyoimaliza kwenye maungio ya zege na ukuta wa ukingoni, akiviringisha saruji mbichi kwa chupa ya soda mpaka pembe ikawa na mbonyeo laini. Utando wa kuzuia maji ukikunjwa kwenye pembe kali hupasuka. Aliupandisha ukutani kupita kimo ambacho udongo ungefikia. Baada ya jaribio la maji ndipo vikafuata kizuizi cha mizizi, kokoto, kitambaa cha kuchuja ili udongo usizibe kokoto, na mwisho udongo mwepesi.

Wenye mabati nao wasikate tamaa. Huko Rio de Janeiro, Brazili, Luis Cassiano alianza na paa la nyumba yake mwenyewe katika mtaa wa Parque Arará, akitumia kitambaa chepesi na mimea isiyodai udongo mwingi, kwa kuwa nyumba za mtaani kwake hazikujengwa kubeba mzigo mkubwa.

Ukiamua kupanda juu ya zege lako, mlipe fundi na zile siku mbili za maji. Usimharakishe.