Nilimsomea Mama Mdogo Kitabu cha Mwongo

Kitabu nilikipata kwa muuza vitabu vya mtumba pale Posta mwaka 2009, nikiwa mwaka wa pili chuoni. Ni *It's Not About the Bike*, tawasifu ya Lance Armstrong aliyoiandika pamoja na Sally Jenkins na kuichapisha mwaka 2000. Jalada lilikuwa limechanika kona, na aliyekimiliki kabla yangu alikuwa amepigia mistari nusu ya sura ya tatu kwa kalamu nyekundu. Mbio za baiskeli sikuwa na habari nazo. Mimi ni mtu wa mpira, na baiskeli kwangu ilikuwa chombo cha kubebea mkaa. Nilikinunua kwa sababu mama mdogo wangu alikuwa anatibiwa saratani Ocean Road, na maandishi ya nyuma ya jalada yalisema jamaa alipona.

Jioni nilikuwa nikienda kwake Temeke kumsomea. Kiingereza chake ni cha salamu, kwa hiyo nilitafsiri papo kwa papo, mengine nikiyaruka, mengine (nakiri) nikiyatia chumvi. Sura za hospitali alizipenda kuliko zote. Armstrong alikuwa na miaka 25 saratani ya korodani ilipogundulika, Oktoba 1996, ikiwa imeshafika tumboni, kwenye mapafu na kwenye ubongo. Kuna mahali anaeleza namna yeye na madaktari wa Indianapolis walivyobadilisha mpango wa dawa, kwa kuwa dawa iliyozoeleka ingeweza kumharibu mapafu, na mwendesha baiskeli bila mapafu ni nani? Mama mdogo aliniambia nirudie hapo. Kesho yake akamuuliza daktari wake kuhusu vidole. Yeye ni fundi cherehani, na vidole vilikuwa vimeanza kufa ganzi. Hajawahi kumuuliza daktari kitu maishani mwake, huyu mama. Alikuwa anaitikia tu.

Baadaye mnajua kilichotokea. Oktoba 2012 shirika la Marekani la kupambana na dawa haramu michezoni, USADA, lilimwaga ushahidi wote hadharani. Ushindi wake saba wa Tour de France, 1999 hadi 2005, ukafutwa. Januari 2013 akakaa mbele ya Oprah Winfrey na kukiri: EPO, damu ya kuongezwa, testosteroni. Wakati huo nilikuwa mwandishi mpya gazetini, na habari ile nilipangiwa mimi. Niliiandika kwa maneno yasiyofika mia tatu, nikaenda kula chipsi. Mama mdogo, ambaye alipona na yupo hadi leo, sikumwambia. Kila tukionana aliniuliza, "Yule Mzungu wako wa baiskeli hajambo?" Nikajibu hajambo.

Nilijitengenezea utetezi. Kwamba kitabu kile ni viwili: cha kwanza cha mgonjwa, kweli tupu; cha pili cha bingwa, uongo. Unachana katikati, unabaki na nusu nzuri. Mwaka huu nimekisoma tena, mwenyewe, bila msikilizaji, na mwanzoni utetezi ulionekana kusimama. Lugha yenyewe inakubaliana nao. Hospitalini sentensi zina mwili: nywele zinadondoka, mkojo unabadilika rangi, muuguzi ana jina na namna yake ya kuongea. Tukifika kwenye mashindano ya 1999 lugha inageuka ya mkutano wa waandishi wa habari. Wanaohoji, hasa wanahabari wa Ufaransa, hawapewi hoja wala sura. Wapo tu ili yeye aonekane ameonewa. Mhariri mwenye jicho angeshtuka hapo hapo, hata bila kipimo cha damu. Mimi nilikuwa na jicho la mpwa mwenye mgonjwa, sikuona kitu.

Lakini kuna chumba kimoja kinachoharibu hesabu yangu. Betsy Andreu na mumewe Frankie, aliyekuwa mwendesha baiskeli mwenzake Armstrong, walitoa ushahidi kwa kiapo kwamba walikuwepo Indianapolis, Oktoba hiyo hiyo ya 1996, daktari alipomuuliza mgonjwa kama amewahi kutumia dawa za kuongeza nguvu. Wanasema alijibu ndiyo, akazitaja moja moja: EPO, homoni ya ukuaji, testosteroni, kotisoni, steroidi. Armstrong alilikana jambo hilo kwa miaka, na hata kwa Oprah alikataa kulizungumzia. Mimi nawaamini akina Andreu. Na kama wanasema kweli, basi uongo haukuanza kwenye milima ya Ufaransa katika nusu ya pili ya kitabu. Ulikuwa pale pale penye dripu, katika wiki zile zile tulizozisoma mimi na mama mdogo tukishikana mikono. Kurasa zile zinakupa kila kitu cha mwili ule isipokuwa jibu moja alilopewa daktari. Huwezi kuchana katikati. Ukichana, mstari unapita juu ya kitanda.

Kule California kuna wasomaji waliokwenda mahakamani Januari 2013 kudai fidia, eti waliuziwa hadithi ya kubuni kama kitabu cha kweli. Mwaka huo huo jaji alisema yaliyomo kwenye vitabu hivyo yanalindwa na uhuru wa kujieleza. Nadhani alikuwa sahihi. Nisingependa kuishi mahali ambapo serikali inakagua tawasifu za watu. Wanasiasa wetu wote wangekuwa hatarini. Ila kwa msomaji kesi haijaisha, maana mimi sikudai shilingi zangu elfu tatu. Nilichotaka ni kujua niliyemwingiza sebuleni kwa mgonjwa ni nani.

Kilichonisaidia ni kusoma upande wa pili: *Seven Deadly Sins* cha David Walsh, mwandishi wa Ireland aliyemfuatilia Armstrong tangu ule ushindi wa 1999. Gazeti lake, Sunday Times, lilishtakiwa na kulazimika kumlipa Armstrong pauni 300,000 kumaliza kesi mwaka 2006. Si kitabu kizuri kama kile cha mwongo, na hilo linauma kulisema. Walsh anajirudia, ana hasira, anajiona sana. Lakini ndani yake watu ambao kwa Armstrong ni vivuli wanapata miguu. Kuna Emma O'Reilly, dada aliyekuwa anawachua misuli waendesha baiskeli wa timu. Alieleza kwamba mwaka 1999, baada ya kipimo kuonyesha kotisoni, timu ilitengeneza cheti cha daktari chenye tarehe ya nyuma. Kwa kusema hivyo alifunguliwa kesi na kutukanwa hadharani matusi ya nguoni. Sifa ya mwanamichezo ina watu chini yake wanaoibeba, na wengine imewakalia.

Tangu nimsome dada huyo, naandika habari za riadha tofauti kidogo. Mkenya Rita Jeptoo alipofungiwa kwa EPO, sisi huku tulijadili aibu ya Kenya, aibu ya Afrika Mashariki. Nani alimwandika Buzunesh Deba wa Ethiopia, aliyemaliza wa pili Boston mwaka 2014 na kuja kuambiwa baadaye kabisa kwamba kumbe alishinda? Mimi sikumwandika.

Mwezi uliopita nilimwambia mama mdogo. Nilieleza yote, dawa, kesi, Oprah, hadi kile chumba. Alikuwa anapindisha shati la sare ya shule, hakusimamisha mashine.

"Ugonjwa lakini aliumwa?"

"Aliumwa kweli, mama."

"Na yule dada wa kuchua, alimwomba radhi?"

Nikamwambia walikutana, na Emma alipoandika kitabu chake mwaka 2014, *The Race to Truth*, dibaji aliandika Armstrong mwenyewe. Hapo mashine ilisimama.

"Kwenye kitabu cha huyo dada? Bado anaanza kuongea yeye?" Akakata uzi kwa meno. "Kitafute. Ila dibaji uiruke."