Pongezi kwa Mafundi wa Matangi ya Matumbawe

Fundi bora wa tangi kubwa la matumbawe utamjua kwa swali lake la kwanza: mkono wako unafika wapi? Kina cha sentimita 90 hupendeza machoni, lakini nani atasafisha kule chini? Tena kinachosukuma kioo ni kina cha maji, wala si urefu wa tangi. Ndiyo maana humshawishi mteja aongeze upana, matumbawe yapate nafasi ya kutanuka.

Tangi la mita 2.4 kwa 0.9, lenye maji ya sentimita 70, hubeba lita 1,500 hivi: zaidi ya tani moja na nusu, kabla ya kioo na mawe. Anayekagua sakafu kabla ya kutaja bei namvulia kofia.

Juu ya wote nawaweka mafundi wa kampuni ya Nippura ya Japani. Dirisha lao la akriliki katika jumba la samaki la Churaumi, Okinawa, lililozinduliwa 2002, lina upana wa mita 22.5, kimo cha mita 8.2 na unene wa sentimita 60. Ni mabamba yaliyogandishwa pamoja kwa ustadi hata mtazamaji, akimkodolea macho papa potwe, haoni kiungo.